Kikuba Ukutani kwa Mama Picha

Anayesema Mama Picha alikuwa mchawi, aje Kibamba, saluni kwangu, aseme tena nikiwa na kitana cha mkia mkononi. Simtishi mtu. Nasema tu aje, viti vipo.

Mie nimeishi naye ukuta kwa ukuta. Saluni niliyoanzia kusuka, pale Tandika, ilikuwa kibanda cha mabati kimeegemea nyumba yake kama mlevi alivyoegemea nguzo ya umeme. Kusuka sikufundishwa na mtu, nilijifunzia vichwa vya wadogo zangu mpaka wakawa wananikimbia. Yeye alinisikia siku ya kwanza napigana mdomo na mteja aliyesema nimemvuta sana. Akatoka nje, baibui jeusi, kandambili za bluu, kamera ya mkanda inaning'inia kifuani pale wenzie wanaponing'iniza funguo. Akaniangalia. Akapandisha nyusi, kama mtu anayeuliza kitu. Mie nikadhani ananidharau.

"Nini?" nikamwambia. "Na wewe una nywele?"

"Nauliza kama naweza kukupiga picha," akasema. "Ila kama unaendelea kugombana, endelea. Unapendeza."

Ndo nikamjua. Jina lake la kuzaliwa nalijua lakini silitaji, maana hata mwenyewe alikuwa haitiki ukimwita hilo. Ukisema Mama Picha ndo anageuka.

Zile nyusi zilikuwa ndo kazi yake nzima. Hakuwa anavizia watu. Asubuhi akishakunywa chai anatoka, anazunguka Tandika, anashuka Temeke, siku nyingine anafika mpaka Buguruni sokoni, na kila anayemtaka anamfanyia hivyohivyo: kamera kifuani, nyusi juu. Ukitikisa kichwa kwamba sawa, anapiga. Ukikunja uso, anakwambia samahani mwanangu, anaondoka, wala hakununii. "Uso ni wa mwenyewe," alikuwa anasema. "Mie naazima tu."

Na kweli alikuwa anarudisha. Ijumaa watu wakishatoka kuswali anafunga kamba ya nguo kwenye ukuta wake wa barabarani, anabana picha kwa vibanio, zote nyeusi na nyeupe. Wabeba mizigo, mama lishe, vijana wa bodaboda, watoto wa madrasa, wazee wa drafti. Ukijiona, unajichukua unaenda nayo. Humwombi, humlipi. Jumapili jioni kamba imebaki tupu, na vibanio vinacheza na upepo. Alikuwa anakula kodi ya vyumba vya uani, na mikanda ya kamera alikuwa anatumiwa na mdogo wake aliyeko Muscat. Ukimuuliza anapata faida gani anakwambia, "We ukimsalimia mtu unapataga faida gani?"

Halafu kila Ijumaa kulikuwa na picha moja iliyompendeza kuliko zote, na hiyo anaiwekea kikuba. Kile kifungu cha asumini na mrehani wanachobandika wanawake wa pwani kifuani siku ya harusi, kinanukia mpaka unasahau madeni. Anakitunga mwenyewe barazani, anakibana juu ya picha. Basi mtaa mzima ulikuwa unagombea kikuba. Kuna muuza nyama alikuwa anavaa shati la kufunga kifungo mpaka shingoni, kwenye jua lile, kwa ajili ya kikuba tu. Kwa shati hakukipata. Siku alipokipata alikuwa amelala juu ya gogo lake la kukatia nyama, mdomo wazi. Alimkubalia mapema, akasema piga muda wowote. Mama Picha akachagua muda huo.

Sasa ishu ya rangi. Watu walimsumbua sana. "Mama, simu ya mwanao hii inapiga rangi mpaka ya jasho, we bado uko na kijivu?" Wengine wanasema picha kama hizo ni za tangazo la msiba. Lakini ukiingia nyumbani kwake unaweza kudhani kasuku wameoana. Mapazia ya pinki, mlango wa kijani, mito ya njano, zulia lina tausi. Nikamuuliza siku moja, kwani picha zimekukosea nini mpaka uzinyime?

"Rangi naishi nayo ndani, mwanangu. Nikitoka nayo barabarani inaongea sana, watu wenyewe hawasikiki." Akanywa kahawa. "Kama wewe."

Ndo alivyokuwa. Anakuchoma, halafu anakusogezea kashata.

Mechi ya watani ilikuja, ile ya wekundu na kijani, inayofanya hata ndoa zipumzike. Mama Picha akapiga mashabiki wamejaa nyuma ya pikapu, mikono juu, jezi zimelowa. Ijumaa picha ikapanda ukutani. Kumbe kwenye nyeusi na nyeupe, nyekundu na kijani vinatoka kijivu kimoja, huwezi kutenganisha.

"Hawa wetu," akasema muuza nyama, yeye ni mwekundu. "Angalia walivyochangamka."

"Kuchangamka gani?" akadakia braza mmoja wa bodaboda, mtu wa kijani. "Hao ni sisi. Nyie siku ile mlirudi mmejifunika taulo."

"Muulizeni mwenyewe!"

Wakamuuliza. Mama Picha akaisogelea picha, akaiangalia kama hajawahi kuiona. "Mie naona watu wamefurahi," akasema. "Kwani nyie mnaona nini?"

Alijua vizuri sana, we! Alikuwepo pale. Aliwaacha wagombane mpaka magharibi, yeye kakaa barazani anakunja kanga zake. Ile picha ikakosa mwenyewe, nikaichukua mie. Ipo juu ya kioo changu huku Kibamba, na wateja wangu bado wanagombana.

Uchawi ulitokana na taa. Picha alikuwa anasafisha mwenyewe, kwenye stoo, na stoo ile ina taa nyekundu, maana nyeupe inaunguza picha. Sasa wewe pita uani kwa mtu uone chumba kimezibwa na blanketi, mwanga mwekundu unachungulia chini ya mlango, na harufu ya dawa. Utasema nini? Kuna dada mmoja alikuja mchana kweupe, kajitanda khanga mpaka puani, akapiga hodi.

"Mama, nimekuja unisaidie. Mume wangu hatulii nyumbani."

Mie nilikuwa mlangoni, nikavuta pumzi nimtolee maneno. Mama Picha akanikanyaga mguu. Akamuuliza yule dada mumewe ni nani, anafanya kazi wapi. Akaingia stoo, akatoka na picha moja. Mwanaume yuko kwenye drafti na wenzie, kacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana.

"Huyu?"

"Ndiye." Yule dada akaishika. "Anacheka hivi? Na mie?"

"Kampelekee. Mwambie unayataka haya meno nyumbani."

Kama alitulia sijui. Ila yule dada kila Idi alikuwa analeta sahani ya biriani. Na bado watu wanasema mchawi. Basi ni mchawi wa biriani, shida iko wapi?

Nisije nikamfanya malaika, mwenyewe angenicheka. Alikuwa anaswali sala tano na katikati yake anacheza karata na wapangaji wake, anaiba waziwazi. Singeli ikipigwa kwangu anagonga ukuta nipunguze, nikichungulia naona kandambili inapiga mdundo. Alikuwa ananiambia nikae kimya, na picha zangu zote alizonipiga nimefungua mdomo. Zote! Nikamwambia nipige basi nimetulia hata moja, nipeleke kwa mama yangu. Akasema, "Nitapiga siku ukitulia."

Sasa niseme lile jambo lililomfunga mikono, maana ndo watu wanalolipindisha.

Mbele ya saluni yangu, ng'ambo ya barabara, alikuwa na karakana yake Baba Neema, seremala, mtu wa Njombe. Mpole, mchapakazi, ila kajikunyata kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuazima. Miaka yote yuko Dar na wimbo wake ulikuwa ni huohuo: "Mie hapa mjini sina mtu. Nikifa mtanibeba na toroli." Kwenye shughuli za watu anakuja, anakaa kiti cha mwisho, anakula, anaondoka. Mama Picha alimzungukia muda mrefu na zile nyusi, jamaa anatikisa kichwa hapana. Siku moja akakubali, sijui aliota nini. Akampiga kashika randa, vumbi la mbao limekaa kwenye kope, jicho moja kalifumba anapima ubao. Picha ilitoka nzuri mpaka muuza nyama alinyamaza. Mama Picha akaikuza ikawa kubwa, akaibana katikati ya ukuta, akaiwekea kikuba.

Siku ileile Baba Neema kaenda Pugu kuangalia kiwanja. Simu imezima chaji. Na siku ileile dada yake kashuka basi kutoka Njombe, kaja kumtembelea bila kusema. Anauliza watu nyumba, anaelekezwa, anakata kona, anakutana na uso wa kaka yake: mkubwa, mweusi na mweupe, ukutani, na maua juu.

Kwao maua juu ya picha yana maana moja tu. Alidondosha begi. Ule ukunga uliotoka, mie nilikuwa katikati ya kichwa cha mteja, kitana kikaniruka.

Na nyie mnajua uswahilini. Kilio kikisikika huulizi kwanza, unafunga kanga kiunoni unatoka. Kila mtu alidhani mwenzie ndo mwenye taarifa. Mke wa Baba Neema karudi kutoka sokoni, kakuta wifi yake yuko chini analia, akajua pikipiki zimemuua mumewe njia ya Pugu, naye akaanguka. Turubai likafungwa. Viti vikaja. Majamvi, masufuria, kuni. Muuza nyama akaleta nyama, analia huku anakata. Braza wa bodaboda analia. Yule jirani waliyegombana na Baba Neema kuhusu bomba la maji ndo alilia kupita wifi. Mie nimelia, kitana nimekichomeka kichwani, mteja wangu yuko pembeni yangu kasukwa nusu, naye analia, wakati hata hamjui marehemu.

Alasiri Baba Neema akatokea. Mihogo begani. Akaona turubai kwake, akasimama. Akamgusa mzee mmoja aliyekuwa kainama.

"Poleni, mzee wangu. Nani katutoka?"

"Baba Neema," yule mzee akajibu bila kuinua kichwa.

"Maskini!" akasema Baba Neema. Akatua mihogo. Kisha nikaona midomo inamcheza. "Baba Neema yupi?"

Hapo kila mtu akageuka, na hapo nikasikia kamera ya Mama Picha. Kach. Mara moja tu.

Ningependa kusema tulicheka. Tulicheka, lakini baadaye, na sio yeye. Maana dada mtu alikuwa ameshapiga simu Njombe. Mama yao mzazi alilia mpaka sauti ikakata. Baba Neema alipompigia kwa simu ya dada yake, mama hakuamini, akamtajisha majina ya ndugu zake wote mmoja mmoja kwenye simu, anadhani kuna mtu anamwigiza. Jamaa alikuwa anataja majina huku machozi yanamshuka. Akamaliza, akavuka barabara, akang'oa picha yake ukutani, kikuba kikaanguka kwenye vumbi.

"Mama, umenizika," akasema. Basi.

Mjumbe akaita kikao. Watu walewale waliokuwa wanagombea kikuba wakaanza kusema picha zinaleta mkosi. Mie nikasimama. Nikasema basi tukataze na asumini isichanue! Tukataze na basi la Njombe! Nikamwambia muuza nyama kwamba nyama ya msiba wa mtu aliye hai ameila mwenyewe, na shati lake la kifungo namjua analivalia nini. Nilikuwa naendelea kupanda, Mama Picha akanivuta kanga.

"Kaa chini, we kifaranga."

Akasimama yeye. Akasema wenzake wana haki. Akasema siku ile alipiga picha bila kuuliza mtu. "Mkono ulinitangulia. Wenye nyuso wengine nitawaomba mmoja mmoja. Lakini mwenye msiba ni mmoja, na mpaka yeye mwenyewe aniambie sawa, huo mkanda sisafishi, na ukuta wangu hautundikwi kitu."

Akaenda kufungua kamba yake mwenyewe. Kamera akaiweka kabatini, pamoja na ule mkanda ndani ya kopo la maziwa.

Na alimaanisha. Sisi wengine akatuomba mmoja mmoja, tukamwambia sawa. Ijumaa zikaja zikaenda, ukuta mtupu. Ukuta mtupu Dar haukai: wakaanza kubandika matangazo ya waganga na ya madisko. Kila asubuhi nilikuwa nabandua kabla hajaamka, mpaka kucha zikaisha. Mara mbili tatu nilitaka kuvuka barabara nimwambie Baba Neema ukweli wake, Mama Picha ananishika. "Ruhusa ya kukamuliwa sio ruhusa," ananiambia. Yule jamaa naye alikuwa anapiga randa kaupa ukuta mgongo. Ila nilikuwa namwona. Akipita anautazama pale katikati, kisha anaharakisha.

Mie nikapata fremu yangu ya saluni Kibamba, nikahama. Nilihama na hasira, nawaambieni ukweli. Mtu aliyewapa watu nyuso zao miaka yote, halafu anakaa barazani mikono mitupu.

Nikarudi kumsuka, mvua zilikuwa zimekatika. Tumekaa barazani alasiri, kichwa chake kiko magotini kwangu, nywele nyeupe tupu, laini kama pamba. Nusu nimeshasuka mtindo wa twende kilioni. Mara kivuli kikasimama mbele yetu.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, marehemu," akasema Mama Picha, hata hajainua kichwa.

Nikajua leo tunapigwa nyundo. Baba Neema alikuwa nayo mkononi kweli, na misumari kwenye mfuko wa shati. Lakini jamaa midomo ikamcheza, safari hii upande wa kucheka.

"Mama yangu kanipigia," akasema. "Kila akipiga ananiuliza kitu kimoja. Siku ile, walikuja watu? Namwambia walikuja. Anasema namdanganya ili asilie, miaka yote si nilikuwa namwambia sina mtu huku." Akazungusha nyundo. "Na mie, mama, sikuangalia. Niliona turubai, nikaona aibu. Sijui alikuwepo nani. Nasikia wewe ulipiga."

Mama Picha akainua kichwa, msuko ukanitoka mkononi. Alimwangalia, akapandisha nyusi.

Baba Neema akatikisa kichwa. Sawa.

Nawaambia yule bibi alinyanyuka kama binti. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, akaingia ndani kutafuta kopo la maziwa. Nikalala kwake siku ile. Asubuhi taa nyekundu ilikuwa inawaka stoo, na alasiri yake, wala haikuwa Ijumaa, akatoka na picha moja kubwa. Baba Neema alikuwa ameshagongelea misumari na fremu ya mninga aliyoichonga mwenyewe. Mtaa wote umejaa, kila mtu anajifanya anapita tu.

Katikati yuko yeye, mihogo miguuni, mdomo nusu wazi. Na nyuma yake turubai zima limegeuka linamwangalia. Kila uso. Wengine bado wanalia, wengine wameshaanza kushangaa, muuza nyama kashika kisu hewani. Mie nipo, kitana kichwani kama jogoo, nalia, mdomo wazi. Kama kawaida.

Baba Neema aliisogelea, akaanza kugusa nyuso kwa kidole.

"Huyu si yule wa bomba la maji?"

"Ndiye," nikasema.

"Alilia?"

"Kupita dada yako."

"Na huyu kasukwa nusu?"

"Mteja wangu. Hakujui."

"Hanijui na analia." Akarudi kwenye picha, kidole kinatembea mpaka viti vya mwisho kule pembeni, alikokuwaga anakaa yeye. Navyo vilikuwa vimejaa. Akasimama pale muda mrefu, na mie nilitulia. Kweli nilitulia, na nikasikia kach pembeni yangu, nikajua nimeibiwa hivyohivyo. Nilitikisa kichwa kumwambia sawa, ingawa alishapiga.

Kisha Baba Neema akafuta uso kwa mkono wa shati, akaangalia juu ya picha, akaangalia chini.

"Mama," akasema, "kikuba changu kiko wapi?"

Mama Picha akacheka, nusu ile ya nywele inatikisika. Kumbe alikuwa nacho kwenye upindo wa kanga, mbichi, kinanukia. Akanyoosha mkono akibane.

"Ngoja, ngoja kwanza," Baba Neema akamshika mkono, huku anatafuta simu mfukoni. "Acha nimpigie dada nimwambie niko hai."